Shanga za Kilwa nilizoziona makumbusho Dar na zile za bibi yangu Ujiji: zimefikaje huku?

#1 Mjukuu_wa_Kitongoni

Wakuu, salaam.

Nimerudi Kigoma juzi kwa treni kutoka Dar. Siku moja kabla ya safari sikuwa na kazi, nikasema leo na mimi nikaione Makumbusho ya Taifa, ile ya mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Nimepita pale nje miaka nenda miaka rudi, ndani sijawahi kukanyaga. Niliingia saa nne asubuhi nikatoka saa tisa, na njaa sikuisikia.

Habari za Zinjanthropus (lile fuvu la kale la Oldupai), magari ya zamani ya viongozi, picha za enzi za Wajerumani, vyote nimeviona. Lakini kilichonigandisha ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Sehemu ya Kilwa, ukishapita sarafu za shaba na vigae vya vyombo vya Kichina, kuna shanga za kioo. Nyekundu iliyofifia, rangi ya tofali lililochomwa. Hazing'ai, nyingine zimemeguka upande. Watoto wa shule walinipita wakienda, wakanikuta palepale wakirudi.

Shanga zile nazifahamu. Bibi yangu hapa Ujiji anazo. Zimo kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa kipande cha kaniki, kopo limo kwenye sanduku la bati, na ufunguo wa sanduku bibi anaufunga kwenye pindo la khanga. Kila Idi alikuwa anatufungulia wajukuu tuzishike, kisha anazihesabu ndipo anarudisha. Alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake, mwanamke wa Kimanyema kutoka ng'ambo ya ziwa.

Sasa kutoka Kilwa mpaka Ujiji, hata ukipiga mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1,000. Shanga za kwenye kabati la makumbusho zimefikaje kwenye kopo la bibi? Mimi nasema ni zilezile. Mwenye la kusema aseme.

#2 Dagaa_Kibirizi

Natandika mkeka. Picha iko wapi mkuu?

#3 Reli_ya_Kati

Hili halina ugumu. Ni misafara. Bagamoyo, Ugogo, Tabora, Uvinza, Ujiji. Mpagazi anatoka pwani na mzigo wa vitambaa vya merikani, waya wa shaba na shanga, anarudi na pembe za ndovu. Njiani kila mtemi anadai hongo yake, na hongo inalipwa kwa shanga na nguo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 kwa njia hiyohiyo ambayo Waarabu na Wanyamwezi walikuwa wameshaizoea.

Na Kilwa haihusiki hapa. Msafara wa Kilwa ulikuwa unakwenda Ziwa Nyasa. Zetu zimetoka Bagamoyo. Mod anaweza kufunga uzi.

#4 Mwalimu_Uvinza

Mkuu #3, umefunga mlango kabla wageni hawajaingia.

Tofautisha nyakati. Misafara unayoisema ni ya karne ya 19. Kilwa yenye sarafu zake na ule msikiti mkubwa, Kilwa ambayo vitu vyake mleta uzi ameviona kabatini, ilikuwa na nguvu kati ya karne ya 13 na ya 15. Hapo katikati kuna miaka 400 na ushei. Kwa hiyo moja kati ya mawili: ama shanga za bibi si zile za Kilwa, ila zimefanana rangi, au zilitembea kuja huku kabla hajazaliwa mpagazi wa kwanza wa Bagamoyo.

Mimi naegemea la pili, na ushahidi wangu ni chumvi. Hapa Uvinza wataalamu Sutton na Roberts walichimba mwaka 1967 kwenye chemchemi za maji ya chumvi, wakakuta watu walikuwa wakiichemsha tangu karne ya 5 au ya 6 hivi. Vigae vya vyungu vimelala tabaka juu ya tabaka, na mpaka leo ukipita karibu na Malagarasi unavikanyaga. Mahali penye chumvi kila kabila linakuja. Muha anakuja, Mvinza yupo, Mnyamwezi anakuja, wa ng'ambo anavuka. Mtu wa pwani hakuhitaji kufika Ujiji ili ushanga wake ufike. Unatoka kwa huyu kwenda kwa yule, jirani kwa jirani, hata kama utachukua miaka mia.

#5 Mama_Katonga

Jamani mleta uzi, bibi amekuonyesha shanga zote, au za shingoni tu? Maana bibi zetu wa Ujiji wana za kopo na wana nyingine zisizotoka koponi mbele ya mjukuu wa kiume 😄

Haya, tuache utani. Marehemu bibi yangu naye alikuwa na nyekundu kama hizo, na yeye hakuwahi kuficha alikozitoa. Alizinunua dukani kwa Mhindi palepale Ujiji, akiwa mwali, kabla ya uhuru. Akituambia bei mpaka senti. Kwa hiyo si kila ushanga mwekundu wa Ujiji ni wa kale. Muulize bibi vizuri, na umuulize akiwa na raha zake.

#6 Mjukuu_wa_Kitongoni

Asante dada #5. Nilimuuliza jana usiku. Anasema nyingine zilikuwepo, nyingine ziliongezwa, kwa sababu uzi ulikatika mara mbili, mara ya kwanza yeye akiwa mtoto. Ulikatika kisimani, nyingine zikaingia majini. Mama yake akaongeza ili shingo ijae.

Picha bado, #2. Bibi hapendi zipigwe picha. Nambembeleza.

#7 Isevya_Kwetu

Nipo Tabora, naongezea kidogo upande wa majina, maana watu wanasema "shanga" kama vile ni kitu kimoja. Kwenye biashara ya misafara kila aina ilikuwa na jina lake, na ukibeba isiyotakiwa mahali fulani unakufa njaa na mzigo kichwani. Burton aliandika majina mengi. Nyekundu za marijani ziliitwa samesame, na jina lake la utani kimara-pamba, yaani kinachomaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa tayari kutoa chakula chake cha jioni azipate. Nyingine tena: kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyozipenda.

Kipimo kilikuwa kete. Unazungusha uzi wa shanga kutoka kidole gumba mpaka kwenye kifundo cha kiwiko na kurudi. Kete 10 ni fundo moja. Leo ukimwambia kijana "kete" anafikiria bao au mambo ya polisi.

Naona za bibi ni samesame za karne ya 19. Naungana na #3, isipokuwa hilo la kufunga uzi.

#8 Reli_ya_Kati

#7 asante, angalau kuna mtu anayesoma ninachoandika.

#9 Ng'ambo_ya_Ziwa

Mimi ni mtu wa Kalemie, naishi Kigoma mwaka wa 11 sasa. Niwaulize kitu. Mbona mnazungumza kama vile kila kitu kinatoka mashariki na kuishia Ujiji? Kwetu Katanga, kwenye bonde la Upemba, kuna makaburi ya kale mahali panaitwa Sanga. Yalichimbwa mwaka 1957 na 1958, kisha tena miaka ya 1970. Wamekuta wafu wamezikwa na vyungu, vitu vya shaba vilivyofuliwa kwa ufundi mkubwa, na kauri. Kauri! Makaburi ya karne ya 10 kwenda mbele. Kauri haiishi ziwani Tanganyika wala mto Lualaba, kauri ni ya bahari.

Kwa hiyo kitu cha bahari kilifika magharibi ya ziwa letu miaka mamia kabla ya msafara wa Mwarabu yeyote. Mleta uzi anasema mama wa mama wa bibi alitoka Umanyema. Basi huenda ushanga haukuja Ujiji kutoka Kilwa. Huenda ulikwenda Kongo kwanza kwa njia nyingine, ukakaa huko vizazi na vizazi, halafu ukavuka ziwa kurudi mashariki shingoni kwa mtu.

#10 Mwalimu_Uvinza

#9 umeleta kitu kizito. Hilo la ushanga kurudi mashariki sikuliwaza.

#11 Reli_ya_Kati

Nakubali kauri zilifika Sanga. Lakini njia gani? Zinaweza kabisa kuwa zilipanda Zambezi kutoka Sofala, pwani ya Msumbiji. Kule kusini biashara ya dhahabu na bahari ni ya kale sana. Sarafu ya Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe. Hiyo haionyeshi kwamba kitu kilipita Uvinza.

#12 Ng'ambo_ya_Ziwa

Wala haionyeshi kwamba hakikupita.

#13 Dagaa_Kibirizi

Sarafu za Kilwa ziliokotwa mpaka Australia, kwenye kisiwa huko kaskazini, mwaka 1944. Kwa hiyo kwa nini tushangae Ujiji? Australia kuna maji yote yale, hapa ni miguu tu.

#14 Tabaka_la_Tatu

Salaam wote. Nilisoma akiolojia Mlimani, na nimeshapepeta udongo wa kutosha kutafuta shanga kwenye chekeche. Naomba niseme polepole kwa sababu hapa watu wanabishana bila kuangalia ushanga wenyewe.

Shanga nyekundu zinazoleta mkanganyiko hapa Afrika Mashariki ni za aina mbili hasa.

Ya kwanza ni nyekundu ya tofali, ile aliyoieleza mleta uzi. Kioo chake hakipitishi mwanga na wekundu wake unatokana na shaba. Zilitengenezwa India na nchi jirani: kioo cha moto kinavutwa kiwe mrija mrefu mwembamba, mrija unakatwa vipande vidogo, kisha vinapashwa moto tena ili makali ya ukingo yalainike. Hizi ndizo zinazojaa kwenye maeneo ya kale ya pwani. Ukiuvunja, ndani ni nyekundu ileile ya nje.

Ya pili ni ya Venice, Italia, karne ya 19. Nje nyekundu nzuri inayong'aa kidogo kama mbegu ya komamanga, ndani nyeupe. Hizi ndizo samesame nyingi za misafara ya baadaye. Ukiutazama kwa juu unaweza kudanganyika, hasa ukiwa umechakaa na umekaa kwenye mafuta ya mwili miaka 100. Lakini geuza, angalia kwenye tundu. Kama pembeni mwa tundu kuna mduara mweupe, hiyo ni Venice, na Kilwa ya masultani haiijui kabisa.

Kwa hiyo mkuu #1, kazi ni moja. Usituletee picha ya mkufu. Tafuta lenzi, angalia matundu, ushanga mmoja mmoja.

#15 Mjukuu_wa_Kitongoni

Kaka #14, Mungu akubariki. Kuna fundi saa hapa Mwanga ana ile lenzi ya kubana jichoni. Namchukua kesho, nimpeleke kwa bibi, maana shanga hazitatoka nyumbani.

#16 Bangwe_Juu

Wakati tunasubiri, naomba msaada. Nami nataka kwenda hiyo makumbusho nikiwa Dar mwezi ujao. Mwaka juzi nilipanda daladala imeandikwa Makumbusho, nikashuka Makumbusho, nikaulizia makumbusho, nikaonyeshwa nyumba za nyasi. Nyumba zilikuwa nzuri, nilikaa kwenye msonge nikafurahi, ngoma nilicheza, lakini fuvu la Zinjanthropus sikuliona.

#17 Mama_Katonga

😂 Pole kaka. Hapo ulikwenda Kijiji cha Makumbusho, kiko barabara ya Bagamoyo, kinaonyesha nyumba za makabila. Ni taasisi hiyohiyo, mahali tofauti. Unayoitaka iko mjini, shuka Posta utembee kwa miguu. Ukimwambia dereva wa bodaboda, mwambie Shaaban Robert, usimwambie Makumbusho.

#18 Reli_ya_Kati

Na Zinjanthropus si wa pwani, msije mkachanganya. Mary Leakey alimpata Oldupai mwaka 1959. Miaka milioni 1.75.

#19 Mpenda_Sheria_Gungu

Nimeusoma uzi wote nikapata wasiwasi juu ya bibi. Wakuu, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinahesabika kuwa cha kale, na kuna taratibu zake. Hata milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 inalindwa. Mleta uzi usije ukamletea bibi wageni wa kuja kuchukua kopo. Mngenyamaza tu.

#20 Tabaka_la_Tatu

#19, miaka uliyoitaja ni sahihi, 1863 na 1940. Lakini usiwatishe watu. Sheria ile ililenga hasa watu wanaochimba, wanaouza na wanaosafirisha nje bila kibali, na mtu akigundua kitu ardhini atoe taarifa. Mkufu wa urithi alioukuta mtu shingoni kwa mama yake si sawa na kaburi lililofukuliwa. Ninachoogopa mimi ni kinyume chake: bibi akifariki, Mungu ampe umri, mjukuu fulani anamuuzia mtalii kule bandarini kwa hela ya vocha.

#21 Mpenda_Sheria_Gungu

Hilo la vocha limenichoma. Nimeshaliona kwa macho yangu, si shanga, kigoda. Naondoa neno "mngenyamaza".

#22 Isevya_Kwetu

Huku Unyamwezi kuna kitu kingine cha bahari ambacho hakuna aliyekitaja. Watemi walikuwa wanavaa kisahani cheupe kilichokatwa kutoka kwenye kombe la baharini, lile zito lenye umbo la pia. Babu alikiita kibangwa, wengine wanaita ndezi, na kila ukoo utakwambia jina lake ndilo la kweli. Kiko bapa upande mmoja, na ukikigeuza unaona mzunguko wa kombe unavyojikunja kuelekea katikati. Nilikishika mara moja tu, kwenye matambiko, nikiwa na miaka kama tisa. Ni kizito kuliko unavyodhani, na baridi yake ni ya jiwe la mtoni.

Kitu cha bahari kuwa alama ya utemi katikati ya nchi, kilomita mamia kutoka ufukweni, hakiji kwa siku moja. Kwa hiyo nimeanza kuyumba. Nilikuwa na #3, sasa nina mguu mmoja kwa Mwalimu wa Uvinza.

#23 Mwalimu_Uvinza

Lete na wa pili 🙂

#24 Dada_Buzebazeba

Naandika kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu, nimekuwa nasoma tu.

Mnaongea juu ya njia, mnaongea juu ya kioo. Hakuna aliyeuliza huyo mama wa mama wa bibi alivukaje ziwa. Tuhesabu. Bibi ana miaka themanini na kitu? Basi huyo mama mkubwa alikuwa mtoto au binti karibu na mwaka 1890. Ujiji ya wakati ule ni ya akina Rumaliza, wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Shanga zilikwenda Umanyema kununua pembe, na zilinunua watu. Hata waliobeba pembe hizo, wengi wao walikuwa wamenunuliwa.

Kwetu sisi wenye asili ya huko hilo halisemwi mezani. Lakini mkiuliza zilifikaje, hiyo nayo ni njia.

#25 Mjukuu_wa_Kitongoni

Dada #24, nimekaa na bandiko lako saa nzima kabla ya kujibu.

Bibi akisimulia juu ya mama wa mama yake, siku zote anasema "alivushwa". Hasemi "alivuka". Nimelisikia neno hilo tangu niko mdogo na sikuwahi kulisikiliza. Leo nimemuuliza, bibi, alivushwa na nani? Akaniangalia, akasema, "Na mtumbwi." Akaendelea kuchambua mchele.

Sikuuliza tena.

#26 Dada_Buzebazeba

Usimuulize tena. Akitaka atasema.

#27 Ng'ambo_ya_Ziwa

Amina. Na huku kwetu wako waliobaki wakiwangoja.

#28 Dagaa_Kibirizi

Nilikuja kutafuta picha, nimekaa kimya.

#29 Reli_ya_Kati

Nami nimemsikia dada #24. Lakini nirudi kwenye soko, kwa sababu linagusa. Msafiri Mwingereza Cameron alipita Ujiji mwaka 1874 akaandika jinsi soko lilivyoendeshwa. Hela ya Ujiji ilikuwa ushanga unaoitwa sofi, mfano wa vipande vilivyovunjika vya mrija wa kiko. Soko likianza, kuna watu wamekaa na mifuko ya sofi. Wewe uliyekuja na ushanga wa aina nyingine unabadilisha kwao, unapata sofi, unanunua samaki na mafuta ya mawese. Soko likifungwa, wauzaji wanarudi kwao kubadilisha sofi wapate shanga wanazotaka. Wale wenye mifuko wanapata faida asubuhi na wanapata tena jioni.

Yaani Ujiji ilikuwa na maduka ya kubadilisha fedha kabla haijawa na reli. Sasa fikirini, mifuko ile ilipita shanga za kila nchi na kila zama. Bibi mzaa bibi angeweza kupata ushanga wa zamani sana na wa mwaka juzi yake kwenye kiganja kimoja.

#30 Bangwe_Juu

Hiyo ya mifuko naipenda. Ilikuwa sehemu gani ya Ujiji? Karibu na ule mwembe wa Livingstone walipokutana na Stanley tarehe 10 Novemba 1871?

#31 Isevya_Kwetu

Tarehe hiyo ni ya kitabu cha Stanley. Aliugua homa njiani akapoteza hesabu ya siku, kwa hiyo watafiti wengine wanairudisha nyuma. Na mwembe wenyewe ulishakufa, iliyopo sasa ni uzao wake.

#32 Bangwe_Juu

Hata mwembe una wajukuu Ujiji. Haya.

Ila wakuu, kwa vitu vya kale Kigoma hatuhitaji makumbusho, tuna meli ya Liemba. Imeundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924. Babu yangu alikuwa baharia humo.

#33 Mama_Katonga

Bangwe usitupeleke majini, tunasubiri fundi saa.

#34 Mjukuu_wa_Kitongoni

Wakuu, matokeo haya hapa.

Tulikaa barazani baada ya sala ya alasiri, mwanga ukiwa mzuri. Bibi alitandika kaniki kwenye ungo ili zisidondoke. Fundi akavaa lenzi. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa anampa ushanga mmoja mmoja bila kuutoa kwenye uzi, anausogeza kwa ukucha wa kidole gumba. Nyekundu ni 31.

Ishirini na sita zina mduara mweupe kwenye tundu. Hata mimi niliuona bila lenzi baada ya kuonyeshwa. Kwa hiyo #7 na #3 mna haki yenu, ni za Venice.

Nne ni nyekundu ya kung'aa, mpya mpya, ndani rangi ileile. Bibi akacheka, akasema, "Hizo za dukani, mama aliongeza uzi ulipokatika kisimani." #5 naye ana haki yake.

Umebaki mmoja. Ni mdogo kuliko yote. Rangi ya tofali, hauna mng'ao, tundu halikupita katikati, limeegemea upande, na ukingo wa upande huo umelika ukawa mwembamba kama kucha ya mtoto. Ndani ni tofali hilohilo. Fundi alikaa nao muda mrefu kuliko mingine. Upo karibu na fundo la uzi, mahali panapokaa kisogoni.

Nikamuuliza bibi huu je. Akasema, "Huo ulikuja nao."

#35 Mwalimu_Uvinza

Nimesimama. Kweli nimesimama.

#36 Ng'ambo_ya_Ziwa

"Ulikuja nao." Kutoka ng'ambo. Si niliwaambia?

#37 Reli_ya_Kati

Taratibu. Ushanga mmoja kati ya 31. Na "kuja nao" inaweza kuwa alipewa Ujiji siku aliyofika.

#38 Tabaka_la_Tatu

Hongera kwa kazi safi, na mshukuruni sana fundi.

Nitawakatisha tamaa kidogo. Maelezo ya ushanga ule mmoja yanalingana kabisa na zile za kale zilizovutwa India. Lakini kule kusini mwa India mafundi hawakuacha. Waliendelea kuvuta mirija ileile kwa namna ileile mpaka karne ya 20. Kwa hiyo kwa jicho, hata kwa lenzi, ushanga wa karne ya 14 na wa mwaka 1880 wanaweza kuwa mapacha. Wa Kilwa umewekewa umri kwa sababu ya tabaka la udongo ulimokutwa, pamoja na vigae na sarafu zilizolala nao. Wa bibi tabaka lake ni shingo za wanawake watatu.

Kuna kipimo. Wanapiga ushanga kwa leza, doa dogo lisiloonekana kwa macho, wanasoma kioo kimetengenezwa kwa mchanga wa aina gani. Vioo vya India vyenye alumina nyingi vinajulikana, na vya zama tofauti vina alama tofauti. Ushanga hauharibiki. Ila ni lazima uende kwenye mashine, mashine haiji Ujiji.

#39 Mpenda_Sheria_Gungu

Ukienda, uandikishwe kwanza. Karatasi, saini, picha, tarehe ya kurudi.

#40 Mama_Katonga

Na uende na bibi, si na bahasha.

#41 Isevya_Kwetu

Naomba mnisajili upya: mguu mmoja kwa Mwalimu, mwingine kwa #9. Msafara unabaki na zile 26.

#42 Mjukuu_wa_Kitongoni

Nimemweleza bibi habari ya mashine. Ameuliza maswali mawili. La kwanza, je, itauma ushanga? Nikasema haiumi. La pili, je, itasema jina lake huyo mama? Nikasema hapana, itasema mchanga tu.

Akasema atafikiria. Kopo limerudi sandukuni, ufunguo uko pindoni. Kuhusu picha, amekubali mmoja ule upigwe, kwa sharti awe ameushika yeye. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali.

#43 Dagaa_Kibirizi

Weka sarafu ya shilingi 100 pembeni tuone ukubwa. Mkeka sijaukunja.